Kwa nini gia za baiskeli hazidumu Tanga? Na mnaotoka Pongwe kuja mjini mnapita wapi?

#1 Mgosi wa Pongwe
Habari za saa hizi wakuu. Kodi ya mjini imenishinda nimehamia Pongwe, kazi yangu bado iko Chumbageni. Nauli ya kwenda na kurudi, ukiweka na bodaboda ya kumalizia, inakula pesa ya ada ya mtoto. Nimeamua kurudi kwenye baiskeli.

Nimechukua mtumba, tairi 26, ringi za aluminiamu, gia tatu mbele na sita nyuma. Imetembea vizuri muda mfupi tu, sasa kila nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka. Pale pa kuondoka ukiwa umesimama ndipo inaponitia aibu, na nyuma yako kuna bajaji inapiga honi. Fundi mmoja Ngamiani kaniambia, "Tanga gia hazikai, ng'oa zote nikufungie friwili moja," yaani duara moja tu la meno nyuma. Nikaenda kwa mwingine Makorora, hawajuani, naye kasema hayo hayo.

Wenyeji nisaidieni: ni kweli, na kama ni kweli sababu ni nini? Na mnaotumia njia hii kila siku mnapita lami, kando ya reli, au ndani ya mkonge? Malori ya kule yananitisha kuliko cheni.

#2 Chumvi ya Raskazone
Sababu ni bahari, mkuu. Huku kwetu ukiacha baiskeli barazani usiku mmoja, asubuhi cheni ina rangi ya mdalasini. Gia zina visehemu vingi vidogo, springi, vigurudumu, waya ndani ya mrija. Vyote vinakula chumvi. Baiskeli isiyo na gia ina cheni moja na friwili moja, unapaka mafuta unaondoka. Mafundi wamekwambia kweli.

#3 Ngoja Nikae
Nipo kibarazani na kahawa. Huu uzi unanihusu.

#4 Fundi Spoku
Chumvi ya Raskazone, kutu peke yake si kawaida kufanya cheni iruke hivyo. Cheni yenye kutu inalia, inakakamaa, mwisho inakatika. Inayoruka ukikanyaga kwa nguvu mara nyingi ni iliyorefuka.

Mgosi, chukua rula yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, angalia alama ya 12. Cheni mpya, pini inakaa juu ya 12 sawasawa, maana toka pini hadi pini ni nusu inchi, cheni ya gia na isiyo ya gia vilevile. Pini ikipita alama kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya upesi uokoe friwili. Ikipita kwa 1/8, meno ya friwili nayo yameshaliwa, andaa pesa ya vyote viwili. Na usidhani chuma kinavutika kama mpira. Pini inasagika na tundu lake linasagika, kila kiungo kinapata nafasi kidogo, ukizijumlisha ndiyo huo urefu.

Pima kwanza, ndipo tuzungumze mambo ya bahari.

#5 Binti Sahare
Karibu Tanga kaka. Waja leo waondoka leo, ila mwenye baiskeli haondoki.

Mimi naendesha ile ya kike, isiyo na gia, toka Sahare mpaka dukani Barabara ya 12, na kikapu mbele. Sijawahi kuitamani gia hata siku moja. Mji wetu ni tambarare, mlima uko wapi? Vijana wananunua baiskeli ya gia 18 halafu wanatumia moja ile ile mwaka mzima, nyingine zinashika kutu zikisubiri mlima uje.

#6 Mzee wa Mkonge
Binti, Sahare hadi Ngamiani ni tambarare, sikatai. Huyu anatoka Pongwe. Kuna miinuko ya polepole ambayo ukiwa kwenye gari huioni, lakini ukiwa na mzigo kwenye keria, na upepo, magoti yatakwambia.

Sisi tulikuwa na Raleigh na Phoenix, tairi 28, meno 44 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja unakwenda mita 5 na zaidi kidogo. Ukiwa mtupu ni raha. Ukibeba gunia la muhogo unashuka na kusukuma. Waliokuwa wanabeba mizigo walikuwa wanamwomba fundi awafungie friwili ya meno 22, mzunguko mmoja unakwenda kama mita 4 na nusu hivi. Mbio zinapungua, ila huteremki kwenye baiskeli. Kwa hiyo hata hao mafundi wakikufungia friwili moja, waulize ya meno mangapi. Hilo ndilo swali, na wengi hawaulizi.

#7 Mgosi wa Pongwe
Shikamoo mzee wangu. Nimeshika hilo la meno.

Fundi Spoku, nimeazima rula ya fundi cherehani jirani. Pini imepita 12 vizuri kabisa, hata hiyo 1/8 imeachwa nyuma.

#8 Fundi Spoku
Basi hapo hakuna jini. Cheni na friwili, vyote.

#9 Chumvi ya Raskazone
Sawa, imelika. Imelika na nini upesi hivyo? Baiskeli aliinunua juzijuzi. Ninarudi pale pale: chumvi inaondoa mafuta, chuma kinabaki kikavu kinasagana.

#10 Mla Mbio
Mnasahau mchanga. Angalieni barabara zetu za ndani, Msambweni, Duga, Majani Mapana, ni mchanga laini. Fundi anakupaka oil chafu ya gari, ile nzito nyeusi, inashika mchanga wote wa njiani. Cheni inageuka msasa. Mimi nasafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, naacha ikauke, halafu natia tone moja la oil nyepesi ya cherehani kwenye kila kiungo na kufuta ya juu yote kwa kitambaa. Cheni ikionekana imelowa mafuta, umeshaharibu.

#11 Chumvi ya Raskazone
Oil ya cherehani kwa Tanga? Mvua moja ya masika inaisha yote. Kutu inaingia kabla hujafika nyumbani.

#12 Mla Mbio
Unapaka tena. Ndiyo gharama yake.

#13 Mwana Muheza
Nawasoma kwa makini. Sisi Muheza hatuna bahari, hatuna mchanga wenu, tuna udongo mwekundu na tope la kunata. Na gia zinakufa vilevile. Sasa mnasemaje?

Mimi naona tatizo ni vyuma vyenyewe. Ukinunua friwili mpya ya bei rahisi ukaigusa kwa tupa, inaliwa kama bati. Ile ya zamani iliyotoka kwenye mtumba tupa inateleza juu yake. Watu wanang'oa friwili ya mtumba iliyo ngumu wanafunga mpya iliyo laini, wakidhani kipya ni bora. Hapo lawama za bahari zinatoka wapi?

#14 Fundi Spoku
Mwana Muheza umesema kitu. Jaribio la tupa ni zuri, ila gusa pembeni, usiguse jino.

Naongeza la upana. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana, ndani yake 1/8 ya inchi. Ya gia ni 3/32. Dukani ukisema tu "nipe cheni" unapewa ile pana, ndiyo inayouzika. Ukiifunga kwenye gia sita inasuasua, inagusa gia ya jirani, mtu anasema gia mbovu.

#15 Kiwiko
Mimi nina maelezo tofauti na yote hayo. Mitumba inakuja imepangwa kwenye kontena kama kuni, moja juu ya nyingine. Kile kipande cha chuma kinachoning'iniza mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni, kinapinda kuelekea kwenye spoku. Baiskeli ikisimama wima huwezi kukiona. Simama nyuma yake, chuchumaa, funga jicho moja: vile vigurudumu viwili vidogo vinatakiwa vifuatane mstari mmoja na meno ya friwili. Vikiwa vimelalia ndani, hata ukifunga cheni ya dhahabu itaruka. Na siku ukihamia gia kubwa kabisa, mkono unaingia kwenye spoku na gurudumu zima linakwenda na maji.

Mgosi angalia hilo kabla hujatoa pesa.

#16 Binti Sahare
Wanaume mmezama kwenye cheni, kaka wa watu kauliza pia njia. Cheni ikiruka utachelewa kazini, lori likikugusa hutafika.

#17 Mgosi wa Pongwe
Asante dada. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

#18 Mzee wa Mkonge
Njia ziko tatu. Lami ni fupi na ngumu, unakwenda haraka, lakini uko na malori ya saruji na mabasi ya kwenda Segera. Kinjia cha kando ya reli kina kivuli sehemu sehemu, ila kokoto zinarudi njiani, na mvua ikinyesha kuna mahali panajaa maji usione shimo. Ndani ya mkonge ni pazuri kwa macho, barabara zimenyooka, lakini ni ndefu zaidi na ukipasua tairi uko peke yako.

Sisi tulikuwa tunapita mkonge kwa sababu tulikuwa wengi, watu wa zamu moja wanatoka pamoja. Mtu mmoja mmoja leo sishauri, hasa jua likishazama.

#19 Tairi Bapa
Mkonge una uzuri wake jamani, zile barabara Waingereza walizichora kwa rula.

#20 Mzee wa Mkonge
Mkonge ni wa Mjerumani kwanza, mwanangu. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche 62 ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Waingereza waliukuta umeshaota.

#21 Tairi Bapa
Nashukuru mzee. Nilichotaka kusema hasa ni mbigili. Kipindi cha kiangazi pembeni mwa zile barabara mbigili zimetandaa chini kama mkeka. Ukisogea pembeni kupisha trekta, tairi zote mbili zimekwisha. Dawa yangu: chukua tyubu ya zamani, ikate kwa urefu, itandaze ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Inaongeza uzito na baiskeli inakuwa nzito kidogo kukanyaga, lakini unafika. Na ukikuta mwiba umeingia, usiuchomoe pale pale kama upepo bado upo. Fika kwanza penye pampu.

#22 Dereva wa Horohoro
Nimeitwa na mtu nije nisome huu uzi. Mimi naendesha semi, njia hiyo ya Pongwe napita, na ya Horohoro pia. Naomba niseme kwa upande wetu kwa heshima.

Kwenye 80 kwa saa gari langu linakula mita 22 kila sekunde. Hata kwenye 50 ya mjini ni karibu mita 14. Nikikuona mapema nina muda wa kuhama. Nisipokuona mapema sina. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuonekana, na siyo usiku tu, hata ile saa ya magharibi ambayo jua liko usoni kwangu nikitoka mjini.

La pili, shika mstari wako. Mwendesha baiskeli anayekwenda moja kwa moja simwogopi. Ninayemwogopa ni anayekwepa shimo ghafla na kuingia katikati. Kama unaona shimo mbele, geuka uangalie nyuma mapema, nyoosha mkono, hama polepole.

La tatu, na hili naomba mlishike sana. Nikiwa nimesimama nataka kukata kushoto, usinipite kwa kushoto. Pale chini ya mlango wa kushoto sioni kitu. Na tela linakata kona kwa ndani kuliko kichwa. Unaona kichwa kimeshapita unadhani nafasi ipo, kumbe magurudumu ya nyuma yanakuja juu yako. Nimeona mtu amebanwa hivyo kwenye kona, na sitaki kuona tena.

#23 Kiwiko
Dereva, tunakushukuru kuja. Na sisi tuna letu. Mkitupita karibu, ule upepo wa lori unasukuma kwanza halafu unavuta. Mtu mwenye mtoto nyuma anayumba kuelekea kwenye magurudumu yenu. Pitieni upande wa pili kabisa kama hakuna gari mbele. Na kama kuna gari linakuja, subirini nyuma yetu. Sekunde chache tu.

#24 Dereva wa Horohoro
Umesema haki. Wenzangu wengi hawasubiri.

#25 Mbavu za Mbwa
Ndiyo maana mimi napanda upande wa kulia, kuelekea magari. Lori likija naliona kwa macho yangu, naruka pembeni. Mwenye kugongwa kwa nyuma hata hajui kilichompata.

#26 Fundi Spoku
Hapana kaka, hiyo ni ya mtembea kwa miguu. Piga hesabu. Wewe una 15 kwa saa, gari lina 50. Ukienda nalo upande mmoja, linakukaribia kwa 35. Ukielekeana nalo linakukaribia kwa 65. Dereva amenyang'anywa karibu nusu ya muda wake. Halafu anayetoka barabara ya pembeni kuingia kubwa anatazama upande magari yanakotoka, wewe unamtokea upande wa pili.

#27 Mbavu za Mbwa
Hesabu nimezielewa, lakini jicho langu naliamini kuliko jicho la dereva nisiyemjua.

#28 Dereva wa Horohoro
Nikikutana na wewe upande wangu, na mbele yangu kuna mwenzio anayekwenda sawa na mimi, nyote wawili mkipishana mbele ya bampa langu, nimhurumie nani? Rudi kushoto ndugu yangu. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake.

#29 Mla Mbio
Naongeza la reli. Mahali reli inapokata barabara kwa mshazari, usipite kwa mshazari. Punguza, geuza usukani uikate reli kama msalaba. Tairi jembamba likiingia kwenye ule mfereji kandokando ya chuma, unalala chini kabla hujajua. Mvua ikinyesha hata tairi nene linateleza juu ya reli.

Na breki pia. Ringi za chuma zile za kung'aa zikilowa, raba zinateleza tu, unashika breki na baiskeli inaendelea. Ringi za aluminiamu zinashika vizuri zaidi kwenye maji. Mgosi, hapo mtumba wako umewazidi Phoenix zetu.

#30 Binti Sahare
Na kwa wanawake wenzangu wanaosoma bila kuandika: baibui. Nimeona binti Mabawa pindo limeingia kati ya cheni na sahani ya mbele. Gurudumu lilisimama papo hapo na yeye akaenda mbele. Baiskeli ya kike ilikuja na wavu wa nyuzi juu ya gurudumu la nyuma, toka kwenye madigadi hadi katikati, na kifuniko cha cheni. Watu wanaving'oa kwa sababu vinagonga gonga. Msiving'oe. Kama havipo, fundi anaweza kufuma wavu kwa kamba ya nailoni kwa kupitisha kwenye matundu madogo ya madigadi. Mimi pindo nalikunja na kulibana na klipu ya nguo upande wa kulia, wa cheni, kisha nakaa. Na mtoto akiwa kwenye keria, miguu yake ndiyo ya kwanza kuingia kwenye spoku, huo wavu unamlinda na yeye.

#31 Ngoja Nikae
Binti Sahare hapo umemaliza. Nampigia dada yangu simu sasa hivi.

#32 Tairi Bapa
Suala la taa vipi? Mimi nina dainamo ya chupa, 6V 3W, imekwaruza ubavu wa tairi mpaka nyuzi zinaonekana, na mvua ikinyesha inateleza haiwaki.

#33 Mzee wa Mkonge
Dainamo inakuhitaji utembee. Ukisimama penye makutano, giza. Pale ndipo unapotaka kuonekana zaidi. Weka taa ndogo nyekundu ya betri nyuma, dainamo ibaki kwa mbele.

#34 Kiwiko
Na rifleksa za pedeli zile za njano msizidharau. Zinapanda na kushuka, dereva anajua moja kwa moja ni baiskeli.

#35 Dereva wa Horohoro
Kweli kabisa. Hizo naziona kutoka mbali kabla sijaona kitu kingine.

#36 Chumvi ya Raskazone
Kofia ngumu hamjaizungumzia.

#37 Mla Mbio
Joto hili? Nitavaa nikienda Amboni kwenye mapango, kule kwenye mawe na mteremko. Mjini hapana.

#38 Chumvi ya Raskazone
Lami ya mjini ni laini kuliko mawe ya Amboni?

#39 Mwana Muheza
Naomba niulize jambo lingine. Mnaotoka magharibi kuja mjini, mbona mtu mmoja anasema upepo unamsaidia asubuhi na mwingine anasema unamkaba?

#40 Mzee wa Mkonge
Inategemea miezi. Kaskazi ikivuma, kama Desemba hadi Machi, anayetoka Pongwe anaikuta usoni akienda. Kusi ikiingia, Aprili au Mei, inamkuta ubavuni.

#41 Mla Mbio
Mzee kwa heshima, asubuhi na mapema hakuna kaskazi wala kusi ya kusumbua. Kuna upepo mwepesi wa kutoka bara kwenda baharini, unakusukuma mjini. Mchana nchi ikipata joto unageuka, unatoka baharini, unakusukuma kurudi Pongwe. Anayetoka nyumbani saa kumi na mbili ana bahati pande zote mbili.

#42 Mzee wa Mkonge
Hiyo ni siku ambazo kusi imelala. Ikiamka haiangalii saa.

#43 Mgosi wa Pongwe
Wakuu nimerudi na taarifa. Nimefunga cheni mpya, ile nyembamba ya 3/32, nimehakikisha. Friwili nimeiacha kwanza kwa sababu ya pesa. Sasa inaruka kuliko mwanzo! Kwenye gia mbili za katikati haikai kabisa, ila kwenye ile kubwa ya nyuma iko sawa.

#44 Fundi Spoku
Nilisema vyote viwili. Meno yaliyolika na cheni ndefu yalikuwa yamezoeana. Umeleta cheni fupi, pini hazikai tena kwenye mabonde ya meno. Gia unazotumia kila siku ndizo zilizolika, hiyo kubwa huigusi ndiyo maana iko nzima.

#45 Kiwiko
Au mkono wa gia umepinda na kwenye ile kubwa unabahatisha tu kulingana. Ulichuchumaa ukaangalia?

#46 Mgosi wa Pongwe
Nimeangalia. Umelalia ndani kidogo, kweli.

#47 Kiwiko
Haya.

#48 Mwana Muheza
Na ukinunua friwili, tupa mkononi.

#49 Fundi Spoku
Kiwiko, kidogo hicho kinaweza kufanya gia zihame kwa shida. Kuruka kwa nguvu ya mguu ni meno. Lakini anyooshe vyote, hasara iko wapi.

#50 Mama wa Mchikichi
Nimewasoma toka mwanzo. Mbona hakuna aliyetaja mitumba ya Kijapani yenye gia tatu ndani ya ekseli ya nyuma? Mimi ninayo, ina kapu, kifuniko cha cheni, dainamo. Gia zimefungwa ndani, mchanga hauingii, chumvi haiingii, cheni inakwenda mstari mmoja tu na nyuma kuna duara moja tu la meno. Nikiwa na mzigo naweka 1, tambarare 2, upepo ukinisukuma 3. Kwa mtu wa Pongwe naona ndiyo jibu.

#51 Fundi Spoku
Ni nzuri, Mama. Shida ni siku ikiharibika. Hapa mjini mafundi wa kuifungua wakaifunga ikarudi kufanya kazi ni wa kutafuta. Na breki yake ya nyuma ya ukanda, ile ya ndani ya kopo, ikiingia maji au mafuta inapiga kelele mtaa mzima na haishiki.

#52 Mama wa Mchikichi
Kelele ni kweli, wanangu wananisikia nikiwa bado kona. Lakini gia sijaifungua wala sijaiona ndani. Wanaozifungua ndio wanaoziua. Kaka akiiona sokoni aigeuze pedeli nyuma na mbele, abadilishe gia zote tatu akiwa juu yake anaendesha, siyo ikiwa imeinuliwa. Gia ikiteleza chini ya uzito wake, aiache.

#53 Chumvi ya Raskazone
Na waya wake wa gia unashika kutu pale pale unapofika kwenye ekseli ya nyuma. Msiseme chumvi haiingii.

#54 Mgosi wa Pongwe
Nimeelewa wakuu, nashukuru wote. Nitanyoosha mkono, nitafunga friwili, na nitapita lami asubuhi mapema kabla malori hayajawa mengi, jioni kando ya reli nikiwa na jirani yangu anayefanya kazi bandarini. Mkonge nauacha kwa Jumapili. Mtumba wa Kijapani nitauangalia nikiuza huu.

#55 Ngoja Nikae
Kabla uzi haujalala, nami nina langu. Phoenix yangu, tairi la mbele linalala kila asubuhi. Nimelitumbukiza kwenye beseni la maji, hakuna tundu, hakuna povu. Nimebadilisha tyubu, hali ile ile.

#56 Tairi Bapa
Valvu. Hukuizamisha valvu ikiwa imefungwa, wote tunazamisha tyubu tu. Jaza upepo, halafu weka kikombe cha maji mdomoni mwa valvu tairi likiwa juu.

#57 Ngoja Nikae
Nimefanya. Povu linatoka moja moja, polepole sana.

#58 Binti Sahare
Ni kile kimpira cheupe kilichovikwa kwenye sindano ya valvu. Kinazeeka, kinapasuka pale penye kitundu cha pembeni. Ulipobadilisha tyubu ulihamisha sindano ile ile, ndiyo maana. Nunua kimpira kipya, ni cha bei ndogo sana, kata kirefu kiasi cha kupita kile kitundu na kufika penye shingo nene juu. Lowesha kwa mate ndipo uvishe, usitumie mafuta, mafuta yanaozesha mpira. Vutavuta taratibu kisijikunje. Na nunua viwili vitatu zaidi, viweke kwenye kimfuko cha chini ya kiti pamoja na kiraka na solusheni.